Pointi Moja kwa Mbuzi Tino

Mikono miwili ilishika kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuachia.

Ilikuwa Jumamosi mchana katika soko la Njanja, Lubumbashi, kwenye meza ya mzee Antoine anayeuza simu kuukuu, chaja na redio. Kitu chenyewe kilikuwa konsoli, mashine ndogo ya mkononi ya kuchezea michezo ya video, ya rangi ya manjano, kioo chake kimekwaruzika pembeni.

"Papa, mi njo nilikamata ya kwanza," alisema mwanamke.

"Kukamata, sawa. Mais mi njo niliiona ya kwanza."

"Macho hainunue kitu."

Mzee Antoine alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha kijani iliyomkaa vizuri kiunoni, blauzi nyeupe, na hereni za shaba zilizocheza kila alipotikisa kichwa. Mwanamume alikuwa na kombinezoni ya kazi ya bluu yenye vumbi, lakini viatu vyake viling'aa kama vya mtu anayekwenda ibadani. Kwenye kidole gumba cha kulia alikuwa na kovu la kuungua.

"Ni ya nani?" aliuliza mwanamke. "Ya mutoto wako?"

"Sina mutoto. Ni ya petit frère. Na weye?"

"Ya kazi."

"Kazi ya kucheza? Nipelekeni huko!"

Antoine aliinama chini ya meza akatoa konsoli nyingine ya aina ileile. Betri yake ilikuwa imekufa. Yule mwanamume aliitazama, akaifungua mgongo kwa ukucha, akasema ataichukua hiyo, kwa kuwa yeye ni fundi wa mashine za baridi na betri haimshindi.

"Mama, chukua ile nzima. Mais lazima unipe numéro, nikuulize kama inatumika muzuri."

"Kama haitumike?"

"Nitakuya kuitengeneza."

"Na kama inatumika?"

"Nitakuya kuhakikisha."

Alimpa namba. Mwanamke aliitwa Dorcelle, mkazi wa mtaa wa Ruashi. Mwanamume aliitwa Jérémie, Mkasai aliyezaliwa Lubumbashi, mtoto wa mchungaji.

Hakuna aliyesema kweli yote siku ile. Jérémie hakuwa na mdogo wake wa kumnunulia chochote. Alikuwa na chaîne, yaani chaneli ya video, kwenye mtandao, ambako alichambua michezo ya video kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akionyesha mikono tu na kujiita Ya Kidole, yaani Kaka Kidole. Uso aliuficha kwa sababu ya baba yake, Papa pasta Clément, ambaye kwake mwanamume wa miaka thelathini anayecheza michezo ni msiba. Dorcelle naye alikuwa mchoraji katika kikundi cha watu wanne waliotengeneza michezo nyumbani kwa mwenzao Bénit. Walijulikana kwa Mbuzi Tino, mchezo wa kwenye simu ambamo mbuzi anaruka kutoka bati hadi bati juu ya nyumba za mji, akikwepa mbwa na nyaya za umeme. Ilikuwa imetoka michezo mitatu ya Tino, na wanafunzi wa Lubumbashi waliipenda yote. Sasa walikuwa wamemtoa mbuzi juu ya mabati wakamweka ulingoni: Ngumi za Tino, mchezo wa kupigana, wa konsoli ya mkononi. Wapiganaji wote aliwachora Dorcelle.

Lakini kikundi kilikuwa kimekubaliana kutosema kitu mpaka mchezo usambae, na Dorcelle ni mtu wa kushika neno.

Jérémie alipiga simu kesho yake.

"Allô, mama wa Ruashi. Umeamuka?"

"Nimeamuka tangu mapema. Weye njo unalala sawa député bungeni."

"Nilikuwa naota."

"Uliota nini?"

"Nikikuambia, bei yangu itashuka."

Wakawa wanapigiana asubuhi na jioni. Wakawa wanakutana. Jumapili moja walikula michopo kando ya barabara ya Ruashi, nyama ya mbuzi inayotoka motoni ikitoa mafuta, pamoja na pilipili na vitunguu vibichi. Dorcelle alikitazama kipande mkononi, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, chérie?"

"Leo nakula patron, bosi wangu."

Jérémie hakuelewa, lakini alipenda jinsi alivyocheka, kichwa nyuma, bila kuziba mdomo. Kabla ya kuachana alimshika mkono akamwambia anampenda. Dorcelle akasema, "Hata mi. Mais usijivune."

Ngumi za Tino ulipotoka, muuzaji wake alikuwa Maman Albertine, mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza konsoli kwa jumla na kuzisambaza Katanga nzima. Alianza na chache za majaribio. Akasema, "Batoto yangu banafuata ule Ya Kidole. Tusikie kwanza ye atasema nini, kisha nitaweka mchezo wenu ndani ya konsoli zote."

Uchambuzi ulitoka Jumanne. Kikundi kilijikusanya kwa Bénit kuuangalia. Ilionekana mikono ya mwanamume na konsoli ya manjano, na sauti ikaanza, taratibu, bila makelele.

"Tino wa kuruka, tunamupenda bote. Ukibonyeza, anaruka pale pale. Mais huyu wa kupigana anachelewa. Unabonyeza ngumi, anafikiri kwanza, kisha njo anapiga. Bapiganaji biko sita, mais mbwa na nguruwe biko tu mwili moja na vichwa mbili. Musiki iko muzuri. Rangi iko muzuri sana. Sasa, ule mwenye alibachora, ya kweli ya Mungu, hajaonaka bantu banapigana. Banarusha ngumi sawa bantu banafukuza nzi. Tano juu ya kumi."

Bénit alitukana kwa sauti ndogo. Dorcelle hakusikia. Alikuwa anatazama kidole gumba cha kulia, chenye kovu la kuungua. Na ile "ya kweli ya Mungu" alikuwa ameisikia asubuhi hiyo hiyo kwenye simu.

Kabla ya jua kuzama Maman Albertine alipiga simu. Hakukasirika. Alisema tu kwamba agizo limesimamishwa.

Dorcelle alitoka uani, akampigia Jérémie.

"Chérie! Nilitaka tu—"

"Ni weye Ya Kidole?"

"Nani amekuambia?"

"Mikono yako. Mi njo nilichora, Jérémie. Ule mwenye hajaonaka bantu banapigana, ni mi."

"Weye? Juu ya nini haukuniambia?"

"Na weye? Petit frère wako iko wapi?"

Hapo Jérémie akasema neno ambalo baadaye alilijutia kila alipolikumbuka. "Ngoja kwanza. Donc kule Njanja ulikuwa unanijua? Ulikuya juu nikusemee muzuri?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokewa, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Dorcelle alilia siku moja, kisha akaacha, maana kazi ilikuwepo. Lililomuuma si zile tano juu ya kumi. Lililomuuma ni kwamba mtu aliyekula naye sahani moja aliweza kumfikiria hivyo. Kuhusu ngumi na nzi, alijua moyoni kwamba ni kweli. Wapiganaji wake alikuwa amewatoa kwenye video za simu. Akaenda kwenye ukumbi mmoja wa mabondia, akaketi kwenye benchi na daftari lake, akatazama. Aliona kwamba ngumi haianzi mkononi, inaanza kwenye kisigino. Akarudi nyumbani akaanza kuchora upya kuanzia miguu.

Jérémie alipelekwa Kambove kufunga chumba cha baridi kwenye kantini ya wachimbaji. Mchana, baada ya watu kula, alisikia vicheko jikoni. Wapishi wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia ya unga, kila mmoja na konsoli yake, zimeunganishwa kwa waya. Mmoja, Mapalo, alikuwa anapiga yowe kama anaona mpira.

"Kimbia, nguruwe! Kimbia! Aah, umekufa!"

Ulikuwa Ngumi za Tino. Jérémie alisimama mlangoni. Alikuwa amecheza mchezo ule siku nyingi, chumbani kwake, mlango umefungwa, dhidi ya mashine. Hakuwahi kuucheza na mtu. Kujificha kwake kulimfanya asiwe na mtu wa kucheza naye.

"Papa wa frigo, unajua kucheza?" Mapalo alimuuliza.

"Kidogo."

Alikaa. Mapalo alimpiga hadi akaomba maji. Ule ucheleweshaji wa vifungo aliousema ulikuwepo, haukwenda popote; lakini kwa watu wawili uliwapata wote sawa, na katika ule muda mdogo kabla ya ngumi kutoka, mtu alimtazama mwenzake usoni akakisia, akadanganya, akacheka. Jérémie alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ikatike. Aliona kwamba alihukumu nusu ya mchezo.

Njiani kurudi Lubumbashi jambo la pili likamjia, zito kuliko la kwanza. Alijaribu kukumbuka siku moja ambayo Dorcelle alimwomba kitu. Hakuikumbuka. Hakumwomba hata nauli.

Jioni ile alifanya uchambuzi wa pili. Safari hii aliweka simu mbele ya uso wake. Kabla ya kuutoa, aliingia sebuleni akamwonyesha baba yake. Papa pasta Clément alitazama mpaka mwisho, mikono magotini.

"Kumbe njo kitu ulikuwa unafichaka," alisema. "Mi nilifikiri ni pombe." Akavua miwani. "Unasema bongo mule ndani, unadanganya bantu?"

"Hapana, papa. Nilikosea, sasa natengeneza."

"Basi iko muzuri."

Siku iliyofuata Jérémie alifika Ruashi, kwenye nyumba mpya ya matofali ambayo bado haijapakwa rangi, alikoishi Dorcelle na mama yake, Maman Marie-Thérèse. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Dorcelle alitoka na kitenge cha nyumbani, vidole vyeusi kwa wino, hakumkaribisha kiti.

"Sema."

"Nilikutukana. Si ndani ya video. Kwenye simu. Ile njo ilikuwa kosa kubwa. Weye haukuniombaka kitu, na mi nilisema ulikuya kunitumia. Naomba pardon."

Dorcelle aliegemea mlango.

"Na mchezo, nilicheza peke yangu. Nimecheza na bantu sasa. Nimesema hivyo mbele ya bote, na sura yangu."

"Na pointi?"

Jérémie angeweza kusema nane. "Sita. Vifungo ingali inachelewa. Nimeongeza moja tu, ingine ingekuwa bongo."

Mabega ya Dorcelle yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kichwa nyuma.

"Ungeongeza mbili, ningekufukuza hapa," alisema. "Vifungo tunajua. Bénit iko natengeneza. Na ngumi nimezichora tena. Maman Albertine amepiga simu asubuhi, batoto yake baliona video yako. Atachukua, mais nusu ya ile alisema, mpaka vifungo viwe muzuri."

"Pardon juu ya ile nusu."

"Ile nusu ni kosa yetu, haiko yako. Kaa basi."

Alikaa. Ndani, Maman Marie-Thérèse alikuwa anagonganisha vikombe kwa makusudi.

"Dorcelle, dimanche, baada ya ibada, nilete baba yangu hapa?"

"Uko naniomba ndoa, ao uko natafutia baba yako mahali ya kutembea?"

"Ndoa."

Alilisema bila utani, mikono juu ya magoti kama mzee wake. Dorcelle aliacha kucheka. Alifuta wino kwenye kitenge, haukutoka.

"Jibu muntu!" mama yake aliita kutoka ndani. "Chai inapoa."

"Mulete," alisema Dorcelle. "Mais mwambie aje na njaa. Mama yangu hapendi bantu ya kula kidogo."