Tarehe ya Ajabu Kwenye Barua ya Papa

Kila alipotoka shuleni, Bénita alipitia kwenye kibanda cha mama yake huko Murara, mtaa wa Goma. Hapo Mama Philomène aliwachapia watu barua kwa kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe, Papa Éphraïm, baba yake Bénita.

Jumanne hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa. Bénita alikuwa akitafuta barua ya zamani ya kufuata kama mfano, alipoona faili yenye jina la Éphraïm. Pembeni yake palisomeka tarehe ya kuhifadhiwa: Machi, mwaka huu.

Papa alizikwa Novemba iliyopita.

"Mama, nani aliandika hii?"

Mama Philomène akainama, akasoma, kisha akarudi nyuma taratibu hadi mgongo ukagusa mbao za ukuta.

"Zima," alinong'ona.

Kioo cheusi kikawaonyesha nyuso zao, na nyuma yao kiti kitupu.

Kesho yake jirani yao, Mama Rosette, alikuwa amekwisha kusikia. "Mutu aliyekufa akianza kuandika, hataacha. Uza hiyo mashine."

Wateja wakaanza kupita mbali. Mama akatafuta mnunuzi.

Bénita naye aliogopa. Lakini kompyuta ile ndiyo iliyowalisha, na swali moja lilimnyima usingizi: Papa ameandika nini? Akamwomba Mwalimu Evariste, aliyewafundisha kompyuta shuleni, aje aone.

"Fungua," mwalimu alisema.

Bénita akabofya. Ilikuwa barua ya mfanyabiashara wa mji wa Kiwanja, kuhusu magunia ya maharagwe yaliyochelewa. Juu, Papa alikuwa amechapa tarehe mwenyewe: Machi, mwaka jana.

"Aliiandika akiwa hai," Bénita alisema polepole. "Mashine ndiyo imekosea mwaka."

Mwalimu akaonyesha saa pembeni mwa kioo. Ilionyesha mwaka ambao Bénita alikuwa hajazaliwa. "Betri ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika, mashine inasahau tarehe."

"Éphraïm alikuwa anaipanga kwa mkono kila asubuhi," Mama alikumbuka.

"Basi siku hiyo alikosea tarakimu moja," Bénita alisema.

Mwalimu akabadilisha betri na kusahihisha tarehe. Kisha akaondoa majira ya saa ya Kinshasa, akachagua ya Lubumbashi, ambayo ndiyo Goma inayoyafuata.

Mama aliacha kutafuta mnunuzi, akamwita Mama Rosette aisome barua kwa macho yake. Jirani akasoma, na mchana huohuo akamleta mteja.

Walipobaki wawili, Mama Philomène alimshika Bénita bega. "Kuogopa si kosa, mutoto wangu. Mimi nilikosea kwa kuamini kabla ya kufungua. Wewe uliogopa, lakini ukataka kujua. Ukiona jambo la kutisha, fanya hivyo tena."