Kombe Lililochelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Swaumu alimpelekea Babu Hiza uji, kisha akachukua kitambaa na kulifuta vumbi kombe la shaba lililokaa juu ya kabati. Hapo ndipo Babu alipoanza.

"Mwaka wa hamsini na nane, mjukuu wangu, nilikimbia yadi mia hapa Ngombezi mpaka kivuli changu kikakaa chini kupumzika. Treni ya Mombo ilinipigia honi kuomba njia!"

"Babu, jana ulisema ni ndege."

"Ndege ilikuwa siku ya mazoezi."

Kambi nzima ya wakata mkonge ilizijua hadithi hizo, tena ilizipenda. Kombe lilikuwapo, nani angebisha?

Ijumaa moja shule ilikuwa inachagua msichana mmoja wa kukimbia kwenye mashindano ya wilaya. Mwalimu Paulina aliwapa Swaumu na mwenzake kamba ya katani waishike mwisho wa uwanja. Atakayeigusa kwanza kwa kifua ndiye mshindi. Kabla ya mbio, Faudhia, rafiki yake wa dawati moja, alimnong'oneza, "Nitakimbia upande wako. Nikikaribia, sogea mbele hatua moja tu. Nani ataona?"

Filimbi ikalia. Nkoile, binti wa wafugaji aliyehamia shuleni mwaka huo, akaongoza tangu mwanzo. Walipokaribia, Swaumu akasogea. Kamba ikakaa mshazari, ikamgusa Faudhia kwanza.

"Mimi nilikuwa mbele," Nkoile alisema, akikitazama kifua chake kisichoguswa na kamba.

"Mbele ya ng'ombe wenu, labda!" mmoja akadakia. Watoto wakaangua kicheko.

Jioni Swaumu alimsimulia Babu yote, akingoja naye acheke. Babu hakucheka. Chai ilimpoa mkononi.

"Nani alikufundisha hiyo hatua?"

"Hakuna, Babu. Ni hatua moja tu."

"Moja tu," Babu akarudia polepole. "Kaka yangu Sadala naye alishika kamba, akasogea hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemtuma. Aliyekuwa mbele ni Loserian, kijana wa Handeni. Zawadi ilikuwa kombe hili na safari ya kwenda kukimbia Dar es Salaam. Nikaenda mimi, nikawa wa mwisho. Yeye akarudi kuchunga." Macho yalimlowa. "Kila mwaka nasema nitampelekea kombe lake. Kila mwaka napata sababu."

Jumamosi walipanda basi la Handeni. Babu alikuwa amelifunga kombe kwa kanga, amelipakata kama mtoto mchanga. Waliuliza huku na huku hadi wakafika kwenye boma moja nje ya mji. Mama mmoja wa makamo akawapokea.

"Shikamoo, mzee. Karibuni. Naitwa Yuditha."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mzee Loserian."

Mama yule akainamisha kichwa. "Ni baba yangu. Tulimzika mwezi wa tatu."

 Babu akaifungua kanga, akaeleza kila kitu bila kuongeza hata treni moja.

Yuditha alilishika kombe kwa mikono miwili. "Baba alikuwa akituambia kwamba aliwashinda wote Ngombezi. Tukamwuliza, 'Kombe liko wapi?' Tukacheka. Wajukuu wakampachika jina, Mzee Kombe. Mwishowe akaacha kabisa kusimulia." Akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. "Kumbe tulikuwa tunamcheka mtu mkweli."

Swaumu aliinama. Babu yake, fundi wa kutia chumvi, ameaminiwa maisha yake yote. Mkweli amekwenda kaburini akichekwa.

Yuditha akawapeleka kaburini, nyuma ya boma. Babu akaliweka kombe juu ya udongo. "Ulikuwa mbele, Loserian," alisema. Zilizojibu ni kengele za mbuzi tu.

Ndani ya basi la kurudi, taa za Korogwe zilipoonekana, Babu alimgeukia Swaumu. "Nimekuwa na Jumatatu zaidi ya elfu tatu za kwenda kusema ukweli," alisema. "Nimezipoteza zote. Wewe unayo keshokutwa."

Jumatatu, kabla ya kengele, Swaumu aligonga mlango wa Mwalimu Paulina, akakiri. Mbio zikarudiwa, mwalimu akishika kamba mwenyewe, na Nkoile akashinda. Swaumu alimwomba radhi mbele ya wote. Nkoile aliitikia kwa kichwa tu, hakutabasamu. Faudhia akahama dawati.

Kesho yake asubuhi Swaumu alileta uji, akashika kitambaa kwa mazoea. Juu ya kabati palibaki duara safi, vumbi limelizunguka. Hakulifuta.

"Rafiki yangu hasemi nami, Babu."

"Atasema. Yuko hapo jirani, na Nkoile pia yupo." Babu alilitazama lile duara. "Kweli, mjukuu wangu, isemwe wakati mwenyewe angali na masikio ya kuisikia. Mimi yangu nimeuambia udongo."