Kigae cha Mzee Chilewa

Siku kigae kilipofika, Sesilia alikuwa ameshinda Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika huko Guangzhou, China, tangu asubuhi akipima mizigo ya watu, kama kawaida yake. Kililetwa kwa pikipiki kutoka kiwandani, kimeviringishwa kwenye sponji: picha ya mzee juu ya kaure nyeupe, ya kubandikwa kwenye kaburi la Chilewa, baba mzazi wa babu yake Sesilia, kule nyumbani Kibaigwa, Dodoma.

Chilewa ndiye aliyefyeka pori mpaka mji ule ukawa mji wa mahindi. Alilima, akachimba kisima, akazika watoto wanne. Usiku mmoja akilinda shamba, fisi alimnyofoa ncha ya sikio la kushoto. Hakulalamika. Kitu kimoja tu alikikataa maisha yake yote, nacho ni kupigwa picha, na akafa bila hata moja.

Sasa ukoo ulitaka sura kaburini. Wazee walisema Protas, mdogo wake Sesilia, ni Chilewa mtupu. Basi Sesilia akatuma kiwandani picha ya Protas, akaomba waiongezee mvi na makunyanzi.

Mueni, Mkenya anayechangia naye ofisi, alikitazama kigae akaacha kutafuna.

"Huyu si ni brathako? Na yuko hai?"

"Yuko hai. Ni pambo tu hilo."

"Na sikio, nani amelikata?"

Sesilia akatazama. Ncha ya sikio la kushoto haikuwepo. Akampigia laoban, bosi wa kiwanda, naye akaapa kwamba masikio hawakuyagusa.

Akampigia Protas kwa video. Alikuwa ameketi kitandani, kiganja sikioni.

"Nimeamka hivi, dada," akanong'ona. "Hata damu hakuna."

Sesilia hakulia. Akarudi kubandika lebo kwenye mabegi ya watu. Kukivunja kigae aliogopa, maana kama kimemshika Protas, wangevunjika wote wawili. Akakifungia kabatini, uso ukielekea chini.

Wiki ya pili Protas aliacha bodaboda yake.

"Nashinda shambani," alisema. "Kuna palizi. Na wanangu wanne wamelala pale kisimani, siwezi kuwaacha peke yao."

Protas hajawahi kuwa na mtoto. Ana miaka ishirini na tisa, na nywele zake zilikuwa nyeupe.

Jumapili simu yake ilipokewa na mama yao. Akageuza kamera kuelekea uani. Mzee alikuwa ameketi na jembe magotini. Alipoiona simu, akafunika uso kwa mikono.

"Tangu jana hataki kupigwa picha," mama akanong'ona.

Sesilia akafungua kabati. Akakigeuza kigae.

Mvi hazipo. Makunyanzi hayapo. Alikuwa Protas, yule yule wa kwenye picha aliyoituma, sikio lake zima. Mbele ya mdomo kulikuwa na ukungu, kama wa mtu anayehema karibu na kioo.

Akaufuta kwa kiganja.

Haukufutika. Ulikuwa kwa ndani.