Kishikwambi cha Wasichana Wawili

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Munira humsaidia mama yake, Mwanaisha, ambaye hutengeneza kompyuta nyumbani kwao Chanika, mjini Handeni. Siku hiyo alipomaliza kuanika, alimkuta Naisiae ameketi kwenye kiti anachokalia yeye siku zote. Naisiae ni binti wa wafugaji. Aliishi kwa akina Munira ili awe karibu na shule.

"Kisanduku hiki kinatunza picha na faili zetu," mama alikuwa akimweleza. "Leo tunakiongezea kazi. Ruta inayotugawia intaneti, kamera na printa, kila kimoja huandika matukio yake: nani kaingia, saa ngapi, nini kimegoma. Nataka taarifa zote zije hapa, nizisome mahali pamoja."

Naisiae akaandika anwani ya kisanduku, yaani namba zake za mtandao, kwenye mipangilio ya ruta. Mara mistari ikaanza kushuka kwenye skrini.

"Hongera, mwanangu!" mama akasema.

Neno hilo lilimchoma Munira. Mwanangu? Na mimi je?

Mama na Naisiae walipokwenda jikoni, alichukua kishikwambi wanachotumia yeye na Naisiae, akaingia kwenye ruta kama alivyomwona Naisiae akifanya, na kuifuta ile anwani.

Alasiri mama aliona taarifa za ruta zimekatika. Mstari wa mwisho ulisema kishikwambi cha wasichana kimeingia saa saba na dakika kumi.

"Naisiae, si nilikukataza kugusa bila mimi?"

"Sikugusa, mama."

"Ni wewe uliyeishika ruta leo. Basi, usishike tena vifaa vyangu."

Naisiae aliinama, machozi yakimdondoka. Munira alikuwa ametamani hilo tangu asubuhi, lakini alipoyaona machozi yale akamsogelea mama yake.

"Mama, ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona unampenda yeye kuliko mimi."

Mama akamgeukia Naisiae. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

Munira naye akaomba radhi. Naisiae akajifuta macho, akamsogezea kiti. Munira akaandika anwani upya, Naisiae akimsomea tarakimu moja moja, hadi taarifa zikaanza kuingia tena.

"Mashine ilinitajia kifaa, haikunitajia mtu," mama akasema. "Bila wewe kusema kweli, Munira, mwenzako angebeba kosa lisilo lake. Nyote ni wanangu. Siku nyingine moyo ukikuuma, njoo uniambie. Usiharibu kazi ya mwenzako."