Kivuli cha Mzee Jidayi

Mwanga ulimwagika kutoka darini, ukajikusanya katikati ya darasa, ukawa mtu. Alikuwa mzee mwenye mvi, amevaa koti la wasimamizi wa treni za umeme. Wanafunzi wa uanahabari hawakushtuka. Walishakizoea kisemeshi, mashine iliyomeza habari zote za wiki kisha ikamuumba kwa nuru mtu anayezungumzwa, sura yake na sauti yake, ili wamhoji kabla ya kujadili habari yenyewe. Yasiyojulikana, kisemeshi kiliyakisia.

Dokta Tusajigwe Mwaipaja ndiye aliyekibuni, na alijivunia. Vijana waliokuwa wakisinzia darasani sasa waligombea kuuliza maswali.

Wiki hiyo Dodoma nzima ilizungumzia treni isiyo na dereva iliyoacha reli na kuua watu. Aliyekuwa zamu katika chumba cha kuiongozea ni mzee huyo, Jidayi. Uchunguzi ulikuwa bado unaendelea.

Kivuli chake cha nuru kilijibu bila papara. Alikuwa macho, alikata umeme, treni haikutii. Kila walivyombana, jibu lilikuwa lilelile, na mjadala ukaanza kupoa. Tusajigwe akaona darasa linamponyoka. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha makisio, akakipandisha ili mashine ikisie zaidi, kama mpishi anavyoongeza chumvi. Hakuwa mgeni wa mchezo huo.

Mwanafunzi mmoja akarudia swali. Safari hii kivuli kiliinamisha kichwa.

"Nilisinzia," kikasema. "Mungu anisamehe."

Darasa likachangamka. Tusajigwe, akiwa amefurahi, akamnyooshea mkono binti aliyekuwa kimya nyuma, Limi, aulize naye. Limi akasimama, akakitazama kivuli.

"Mwalimu," alisema taratibu, "baba yangu hajawahi kusema hivyo."

Ilikuwa nafasi ya Tusajigwe kuwaeleza wote alichokifanya. Hakuitumia. Alizima kisemeshi, akasema muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha, na Limi akatoka wa kwanza bila kumtazama mtu.

Kabla jua halijatua, rekodi ya kivuli ilikuwa imetoka nje ya chuo. Aliyeituma hakujulikana. Watu waliiona sura, wakaisikia sauti, wakasema mzee amekiri. Tusajigwe aliandika kanusho, lakini katika kanusho hilo alisema mashine ilikosea. Kidole chake hakukitaja. Hata hivyo hakuna aliyelijali. Limi hakuonekana tena darasani.

Siku zilivyopita, aibu ilizidi kumwelemea Tusajigwe. Mwishowe akaenda kwao Limi, mtaa wa Chang'ombe, hapohapo Dodoma. Limi alimfungulia mlango, akamwamkia kwa adabu, akamwonyesha kiti mkabala na baba yake. Adabu ile ilimchoma kuliko matusi.

"Shikamoo, mzee," Tusajigwe akasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Akamweleza yote: kitufe, darasa lililopoa, ukimya wake, kanusho la uongo. Akaahidi kwamba kesho yake atayasema hayohayo mbele ya wachunguzi na wanafunzi, hata kama yatamgharimu kazi. Mzee Jidayi alisikiliza bila kumkatiza, vidole vyake vikipapasa mkono wa kiti.

"Nashukuru umekuja," akasema. "Watu wananizomea, hilo nitalizoea. Lakini ile rekodi nimeisikiliza tena na tena, mwanangu. Sauti ni yangu. Hata nikihema, nahema vile." Akaushika mkono wa kiti. "Mwanzoni nilikuwa na hakika. Sasa nikifumba macho najiona nimelala pale kitini. Wewe ndiye uliyeiunda mashine ile. Niambie, nilisinzia au sikusinzia?"

Limi aligeuka, akamtazama mwalimu wake, akingoja.

Tusajigwe aliinamisha macho sakafuni. "Mashine ilikisia tu, mzee," akasema. "Kama ulisinzia, mimi sijui."