Kanyaga Mara Moja

Mama Sare alikuwa na cherehani mbili na gari moja, na kati ya vitu hivyo vitatu ni gari tu lililomnyima raha. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu alishona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa vya kijani na vya bluu, na asiyevaa viatu humo alikanyaga pini. Mumewe, Fundi Rangi, alikuwa anapaka rangi nyumba za watu. Gari hasa lilikuwa la huyu mume. Lilikuwa la zamani, refu kwa nyuma, lina ngazi juu na matone ya rangi kila mahali. Ukilisema vibaya gari hilo, umegombana naye wiki nzima.

Mama Sare alikuwa anajifunza kuendesha. Alitaka kupeleka sare mashuleni mwenyewe, badala ya kumngoja mumewe atoke kazini. Asubuhi alisoma shule ya udereva. Jioni mumewe alimpa masomo mengine.

"Hili gari lina tabia zake," Fundi Rangi alimwambia. "Breki unakanyaga mara tatu. Ya kwanza unaiamsha. Ya pili inasikia. Ya tatu inashika."

"Mbona la shule nakanyaga mara moja tu?"

"La shule ni la wanafunzi. Hili ni la madereva."

Hakuna aliyebisha. Watu wa nyumba ile walishazoea. Mafuta ya breki yalipopungua, Fundi Rangi aliongeza mengine. Gari lilipovuta upande wa kushoto, aliukaza mkono kwenye usukani. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka.

Siku moja mama mkwe alitakiwa kliniki kubadilishwa bandeji ya mguu. Mama Sare alishika usukani, mumewe akakaa kando yake, na bibi akakaa nyuma na mkoba magotini. Waliteremka mlima wa mtaa wao. Chini palikuwa na njia panda, na malori yalipita pale bila kupunguza mwendo.

Lori likatokea. Mama Sare akakanyaga breki jinsi alivyofundishwa asubuhi, mara moja, bila kusita. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Gari halikusimama.

"Tatu! Tatu!" Fundi Rangi alipiga kelele.

Akakanyaga tena na tena. Alipoona halishiki, alikata usukani. Gari likaingia kwenye rundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga, likazimikia hapo. Lori likapita mbele yao likipiga honi.

Halafu bibi akasema kutoka nyuma, "Mimi nilisema kliniki. Sikusema makaburini."

"Ni mguu wake, mama," Fundi Rangi alisema. "Mwepesi mno. Namwambia kila siku, hasikii."

Maneno yale yalimchoma Mama Sare, na kibaya zaidi aliyaamini. Nusura amuue mama mkwe wake. Walipofika nyumbani aliweka ufunguo mezani mbele ya mumewe.

"Siendeshi tena," alisema.

Fundi Rangi aliuchukua ufunguo, akautia mfukoni. Hakumbembeleza.

Kesho yake Mama Sare alikwenda shule ya udereva ili kuaga. Mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyewahi kuendesha mabasi ya safari ndefu, na hakuwa mtu wa kuagwa kirahisi. "Nizungushe mara moja tu, ndipo uniage," alisema. Kwenye kona ya kwanza Mama Sare akakanyaga breki mara tatu, haraka haraka. Mwalimu nusura agonge kioo kwa paji la uso.

"He! Mama, hii breki au cherehani?"

Mama Sare alitaka kucheka, akajikuta analia. Aliegesha gari pembeni, akaeleza yote: mara tatu za mumewe, lori, mchanga, mguu mwepesi.

"Mguu wako nakaa nao hapa kila siku," mwalimu alisema. "Hauna ubaya wowote. Gari ndilo linaumwa. Nani kakwambia breki huamshwa? Spana alitazame kabla halijatembea tena."

Spana alikuwa fundi wa breki, mwenye gereji ya mabati nyuma ya shule ile. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Sare na sanduku lake la vifaa. Alisema gari lisiloshika breki haliendeshwi, hata kama ni kupelekwa gereji.

Fundi Rangi alimpokea amekunja mikono. "Mimi nimeliendesha miaka yote bila ajali."

"Umeliendesha wewe," Spana alijibu. "Gari zima linasimamishwa na yeyote, hata ambaye hajawahi kuliona."

Aliweka mawe kwenye magurudumu, akapiga jeki, akaweka stendi chini ya gari. Alipotoa gurudumu la nyuma, akawaita wote wawili. Upande wa ndani wa tairi ulikuwa umelowa.

"Haya mafuta unayoongeza, ulidhani yanakwenda wapi?" alimwuliza Fundi Rangi. "Breki hazinywi. Yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika. Kuongeza tu ni kujidanganya."

Alilifuta vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji. Alisema vumbi lile halipulizwi, kwa kuwa linaharibu mapafu. Ndani, breki shuu, zile zinazobana gurudumu lisimame, zilikuwa zimelowa chapachapa. Kisha akafungua kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa.

"Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani," alieleza. "Ukiteremka mlima, breki zinapata moto. Maji yale yanachemka, yanakuwa mvuke. Mafuta hayaminyiki, mvuke unaminyika. Unakanyaga, pedali inazama. Halafu hapa panapovuja, upepo nao umeingia. Hizo mara tatu zako, shemeji, zilikuwa za kuuminya upepo. Breki yenyewe ilikuwa inangoja zamu."

Mama Sare alimtazama mumewe. Fundi Rangi alitazama ngazi.

"Basi niwekee diski za gari kubwa," Fundi Rangi alisema. "Nimeziona kwa muuza vyuma chakavu."

"Za gari jingine zitakuletea balaa jingine. Tuziponye hizi kwanza. Zikiwa nzima zinalitosha gari lako."

Spana alibadilisha silinda ndogo za magurudumu ya nyuma, zilizokuwa zinavuja, na breki shuu pande zote mbili, ili upande mmoja usishike kuliko mwingine. Mbele aliweka pedi mpya. Mipira ya kupitishia mafuta ilikuwa imepasukapasuka, na mmoja umeziba. Ndio uliokuwa unalivuta gari kushoto. Aliitoa yote, akafunga mipya. Kisha akachukua kopo la mafuta ambalo halijafunguliwa.

"Shemeji, ingia ndani," alimwambia Mama Sare. "Nahitaji mguu."

"Wangu?" Mama Sare aliuliza. "Si mwepesi?"

"Ingia."

Spana alilala kando ya gurudumu, ameshika spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. "Kanyaga. Shikilia. Usiachie mpaka niseme." Alilegeza nati. Mafuta meusi yakatoka na mapovu. Akaikaza. "Achia. Kanyaga tena."

Walikwenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Fundi Rangi alipewa kazi ya kujaza kichupa kisikauke. Mwanzoni pedali ilizama kama siku ile ya lori. Kisha ikaanza kupanda. Mafuta yakatoka meupe, bila povu. Kwenye gurudumu la mwisho pedali ilisimama juu, ikamkatalia kushuka.

"Imekuwa ngumu!" alisema kwa sauti.

"Ndivyo inavyotakiwa. Badilisheni mafuta kila baada ya miaka miwili, na msitie mafuta mengine yoyote humo. Siku za mwanzo endesheni polepole, breki mpya zizoeane na vyuma."

Spana alilijaribu gari kwenye uwanja mtupu, akarudi ameridhika. Alipoondoka, Fundi Rangi aliingia garini peke yake, akakanyaga mara moja. Alikaa humo kwa muda, mguu juu ya pedali. Kisha akashuka.

"Mama watoto," alisema, "mguu wako haukuwa na kosa. Nilijua gari halishiki. Nikaona rahisi kukusema wewe."

"Uliniumiza."

"Najua. Nisamehe." Akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea mkononi.

"Na mimi niliyekuwa nyuma?" bibi aliuliza kutoka mlangoni. "Au mimi nilikuwa mzigo?"

Mama Sare alifaulu mtihani wa udereva. Wiki iliyofuata aliteremka mlima ule peke yake, na sare zimejaa mpaka dirishani. Karibu na njia panda, mtu mwenye mkokoteni wa madumu ya maji akakatiza barabara bila kutazama. Mama Sare akakanyaga mara moja. Gari likasimama pale pale, limenyooka.

Yule mtu alidhani amepishwa kwa heshima. Aliinua mkono kushukuru, akaendelea kusukuma. Mama Sare naye aliinua wake, akangoja mpaka mkokoteni wote ukapita.