Jua la Waliotangulia

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nilipotoka kumwita mjukuu wangu arudi na mbuzi kutoka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Huku kwetu, chini ya Kiritiri, ndivyo unavyokuwa miezi mingi ya mwaka.

Jina lake la ubatizo ni Lorna. La nyumbani ni Wamuyu, kwa sababu amemrithi cucu wake, yaani nyanya yake, mke wangu, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hiyo tangu azaliwe nilimwita mke wangu, naye, asiponiita guka, yaani babu, aliniamrisha kama mke. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia, "Mume wangu, hutoki na shati hilo." Jirani yangu Gitari hunitania kwamba wenzangu hushindwa na mmoja, na mimi nimeoa Wamuyu wawili.

Yule mkubwa tulikuwa tumemzika juzijuzi, upande wa mashariki wa boma, pembeni mwa shamba la muguka, ile miraa yetu ya kutafuna majani. Watu waliniambia nilie. Sikulia. Chai haikuwa na ladha, wala sikujali.

Nilisimama uani nikitazama magharibi. Giza lilikuwa limeanza kuingia.

Kisha mwanga ukarudi.

Shuleni, mwalimu wa misheni alitufundisha kwamba ni mabaki ya jua yanayogusa mawingu ya juu. Machweo yakiisha huja utusitusi. Halafu, jioni chache katika mwaka, mbingu huwaka tena, nyekundu kama shaba, na kila kitu hupata rangi isiyo yake. Mama yangu, ambaye hakwenda shule, aliuita mwanga huo jua la waliotangulia. Alisema wafu huamka ndani yake kama sisi tuamkavyo alfajiri. Alitukataza kumwita mtu kwa jina alilorithi kwa marehemu mpaka mwanga uishe. Piga mluzi, alisema, au tumia jina la kanisani. Hilo si lao.

Nilikumbuka. Lakini mdomo ulikuwa umeniwahi.

"Wamuyu!"

"Nakuja, guka!" mtoto akaitika kutoka mtoni.

Na nyuma yangu, upande wa muguka...

"Nimesikia."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Si ile ya mwisho, iliyokwaruzwa na ugonjwa wa koo. Ile ya zamani. Ikaja harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa kaa la moto. Sikugeuka. Wala sikuogopa. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi, anayetazama kidole chake kikishonwa.

Mtoto akatokea ukingoni na mbuzi wake. Alikuwa ameupa mgongo mwanga wa magharibi. Uso wake ulipaswa kuwa giza. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, hata kope nikaziona. Kitu kilikuwa kikimmulika kutoka nyuma yangu.

Mbuzi wakakataa kusonga.

"Guka," akanong'ona, "cucu ameshika nini kinachowaka?"

Majani makavu yakakanyagwa. Pumzi baridi ikanigusa shingoni.

"Umemwita nani, Mbae?" Sauti iliniuliza kwa jina langu, taratibu, kama mtu anayeuliza nani apakuliwe kwanza. "Utakayemtaja atabaki nawe. Mwingine ataingia kule nilikotoka."

Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Hakuwa akija kwangu. Alikuwa akipita kando yangu, kuelekea kwenye mwanga.

Nilijua jibu. Yeyote angelijua. Lakini ilikuwa sauti ile ya zamani, nami nikasita mpaka mtoto akawa karibu kunipita.

"Lorna," nikasema. "Njoo kwangu, Lorna."

Mwanga ukazimika kama koroboi iliyopulizwa. Mtoto akang'ang'ania suruali yangu. Nyuma yangu hakuna aliyelia wala aliyelaumu. Nilisikia tu nyayo zikirudi kwenye muguka, polepole, za mtu mzima aliyechoka.

Gitari anasema ulikuwa mwezi mpevu, uliochomoza nyuma yangu kupitia moshi wa tanuru lake la makaa. Ni kweli mwezi huwa mwekundu hivyo ukitokea katika moshi. Lakini jioni ile mwezi ulikuwa mwandamo, mwembamba kama ukucha, nao ulikuwa magharibi, ukizama mbele ya macho yangu. Nilimwambia hivyo. Akaanza kuzungumza habari za mvua.

Binti yangu Gladwell, mama yake Lorna, alikuja kumchukua mtoto, wakaenda kukaa Embu mjini. Nilimwambia ni kwa sababu ya shule. Mtoto aliniaga mlangoni.

"Mume wangu," akasema, "usikae nje jioni."

Mwanga ule umerudi mara kadhaa. Kila ukirudi, mtu huita kutoka kwenye muguka, bila haraka. Haiti Wamuyu. Anaita Mbae.

Binti yangu hana mtoto wa kiume. Katika boma hili, na katika ukoo wetu wote ulio hai, hakuna Mbae mwingine.

Sijaitika. Ila siku hizi nakisogeza kiti changu upande ule, asilazimike kupaza sauti.